Jicho la Pili

Jumamosi, 7 Juni

Kikao cha kikundi chetu cha picha kimeisha saa sita. Upepo wa leo hauna adabu. Ilibidi projekta tuifunike kanga mara mbili, na chai ya Dada Salome tumeinywa na vumbi lake.

Picha nane. Mbili nzuri, moja nzuri sana, zilizobaki machweo. Watu wa Dodoma tunavyopenda machweo, utadhani kwingine jua halizami.

Zamu yangu ya kusema ilianguka kwenye mbuzi juu ya jiwe. Mawili yanayoishi: sikio la mbuzi limepenywa na mwanga mpaka mishipa inaonekana, na anga limeachwa tupu bila woga. Moja linalokwama: kivuli cha mpiga picha kimeingia na kumkanyaga mbuzi. Kivuli kilikuwa na kofia pana, kwa hiyo wote tukajua ni Mzee Mkude, ingawa picha zetu huonyeshwa bila majina. Mzee alikaa kimya kama sheria inavyotaka, mwisho akasema neno moja tu analoruhusiwa mwenye picha: nimesikia. Kisha akavua kofia. Tulicheka sana.

Sheria hiyo aliileta Dada Salome mwenyewe, mfamasia, baada ya watu wazima wawili kukaribia kushikana mashati kwa sababu ya picha ya punda. Mawili yanayoishi, moja linalokwama, nimesikia. Hakuna kujitetea. Naipenda kuliko sheria yoyote ya ofisini kwangu.

Tangazo: tumepewa ukuta katika ukumbi mmoja mjini, Julai. Picha kumi zitatundikwa. Kila mwanachama atoe moja, waamuzi watatoka nje ya kikundi. Nina miaka arobaini na mbili na picha yangu haijawahi kukaa popote isipokuwa kwenye simu. Naitaka nafasi ile. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu bila kuonekana mtoto.

Jumapili, 8 Juni

Misa ya kwanza. Kufua. Yona amepita kuchukua ile kamba ya kamera aliyoisahau, akakaa mpaka ugali ukaiva. Ndivyo afanyavyo kila Jumapili. Akala akisema ugali wa Wahehe ni mgumu kama sisi wenyewe. Nikamwambia Mgogo aliyekaribishwa chakula asimkosoe mpishi, atarudi barabarani kuomba. Utani wetu ni huo kila siku, mababu walituachia.

Ofisi ilipohamia huku kutoka Dar, nilihama nayo na sikumjua mtu. Nilishinda Jumamosi nzima nikihesabu vigae vya dari. Yona, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyenipeleka kwa Dada Salome kule Chimwaga, akaniambia kamera yangu inalia kabatini. Ndiye jicho langu la pili mpaka leo. Kila mmoja wetu analo: kabla picha haijaenda mbele ya wenzio, mtu mmoja anaiona kwanza. Akisema toa, unatoa. Hakuna rufaa. Maana mtoto wako hata akiwa na kamasi wewe unamwona anang'aa.

Yona ana maneno mawili anayoyapenda. Kata kushoto. Karibu kila picha yangu ananiambia hivyo, na karibu kila mara ni kweli. Sijui kwa nini upande wangu wa kushoto unajaa takataka.

Jumamosi, 14 Juni

Kibaigwa. Nimeipata.

Niliwahi kosta ya alfajiri, nikafika sokoni baridi ikiwa bado inauma. Mahindi kila mahali. Malori yamepangana, madalali wanapiga kelele, wapakiaji wamejifunga magunia kichwani. Nikapiga hovyo hovyo kwanza, magunia, migongo, matairi. Takataka tupu.

Kisha nikaona ufa kati ya malori mawili. Jua lilikuwa limeingia mle na kusimama wima. Ndani yake mama mmoja anapepeta mahindi aliyoyafagia chini ya malori, yale yanayomwagika magunia yakipandishwa. Ungo unapanda, makapi yanaruka, yanawaka, yanapotea. Amenipa mgongo.

Sikupiga. Nilikwenda kwanza kumwamkia. Shikamoo yangu aliipokea, ombi langu akalikataa. Watu wanakuja na vikamera vyao, alisema, wanapiga, wanaondoka, hata siku moja hajaona alichopigwa. Nikamwahidi nitaisafisha na kumletea mkononi. Nikatupia na salamu kwa Kigogo changu cha kuokoteza, mbukwenyi, akacheka mpaka akaweka ungo chini. Anaitwa Mama Nyemo. Akasema haya, ila yeye anaendelea na kazi, hasimamishwi na mtu.

Akageuka akaendelea. Nikapiga.

Jumapili, 15 Juni

Nimeiangalia siku nzima kama mwehu. Mgongo wake umepinda kidogo kulia. Kanga imekaza. Makapi yamemzunguka bega, hayajui yaende wapi. Huoni uso na huutaki, kwa sababu macho yako yanakwenda anakotazama yeye, kwenye ule mwanga.

Nimekata kushoto kabla sijaambiwa.

Nimemtumia Yona. Nikamweleza na mahali, ufa uko upande gani wa mizani, saa ngapi jua linaingia, jina la mama. Sijajua kwa nini nilieleza yote hayo. Furaha ilinizidi.

Ameiona. Hajajibu.

Jumatatu, 16 Juni

Toa.

Amejibu jioni, kwa sauti yake, taratibu, kama anavyomweleza mwanafunzi aliyefeli. Mwanga safi, amesema. Makapi safi. Lakini dada, umepiga mgongo. Picha ya mtu isiyo na uso ni nyumba isiyo na mlango, mtu atagonga ukuta mzima na hatafunguliwa. Waamuzi hawatakaa nayo hata dakika. Peleka ile ya Kolo, mawe na mawingu, ile imekamilika.

Nimeisikiliza mara nyingi mno. Imeniuma. Sikutarajia kuumwa hivi na neno ambalo mimi mwenyewe nimewaambia watu barazani bila kupepesa macho.

Jumatano, 18 Juni

Nilijaribu kubisha. Nilimwandikia kwamba mgongo ndio picha yenyewe. Akajibu kwamba ukiona unaitetea sana ujue haijitetei. Maneno hayo ni ya kwangu, nilimwambia Mzee Mkude mwaka jana.

Nimepeleka Kolo. Ile niliyoipiga tulipokwenda kuona michoro ya mapangoni, nikarudi na mawe ya nje tu. Ni picha nzuri. Haina kosa. Siipendi hata kidogo.

Lakini jicho la pili ni jicho la pili. Kama nitalikubali linaponisifu tu, basi silihitaji.

Jumamosi, 21 Juni

Kikao kidogo, watu sita. Yona hakuja. Aliaga kwenye grupu usiku wa jana, mjomba wake anaumwa kijijini. Nilimtumia pole, nikamwambia akikwama anipigie. Akajibu asante sana dada, Mungu ni mwema.

Binti wa chuo alileta picha ya mabweni wakati umeme umekatika, madirisha yote yana mishumaa na tochi za simu. Nilikaa nayo muda mrefu. Mawili nikayapata kumi, moja nikalitafuta mpaka watu wakaanza kukohoa. Nikasema sina. Dada Salome akasema hiyo ni kinyume cha sheria. Nikasema basi moja linalokwama ni kwamba si yangu.

Nimerudi na moyo mwepesi. Nimemkumbuka mjomba wa Yona nikisali.

Jumamosi, 28 Juni

Sijui nianze wapi.

Leo ilikuwa siku ya kupitia picha zote za ukuta kabla hazijaenda kwa waamuzi. Bila majina, kama kawaida. Ya tatu ilikuwa Kolo yangu. Wakasema safi, imetulia, ina kina. Mtu mmoja akasema ingefaa kalenda ya benki. Nimesikia.

Ya sita.

Ufa ule ule. Malori si yale, lakini ufa ni ule, mwanga ule, saa ile. Makapi. Ungo. Mama Nyemo. Amegeuka, uso mzima unatazama kamera.

Wenzangu waliguna kwa pamoja, lile guno ambalo kila mmoja wetu analiota. Na Dada Salome, ambaye hajui lolote, akanitazama akasema Eda, hii ni ya kwako kuisema.

Nikasimama. Nilisema mawili yanayoishi: makapi yamekamatwa hewani kila punje peke yake, na mwanga umefuatwa na mtu aliyejua saa yake. Moja linalokwama: macho. Mama huyu hapepeti, ameambiwa asimame. Anatazama kama mtu anayesubiri kitu, na kitu hicho si picha.

Nikawa bado naomba iwe ya mtu mwingine. Kibaigwa ni barabara kuu, wapita njia ni wengi, kamera ni nyingi. Niliomba kweli, kama naomba mgonjwa apone.

"Nimesikia," Yona alisema, kutoka pale kwenye birika la chai.

Hakuinua macho. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka kabla ya picha ya saba. Mzee Mkude aliniita, sikugeuka.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani. Ningeimba nini.

Mjomba alipona haraka. Nimejicheka kwa kumwombea. Kisha nimelia, halafu nikakasirika kwa kulia.

Alipiga simu mchana, wakati ambao kwa kawaida angekuwa mezani kwangu. Nilipokea kwa sababu nilitaka kusikia atasema nini. Alisema mengi. Kwamba soko ni la watu wote. Kwamba maoni yake yalikuwa ya kweli, picha yangu ilikosa uso, na yeye ameonyesha kwamba ikipata uso inasimama. Kwamba nilisikia mwenyewe jinsi watu walivyoguna. Kwamba mimi ni dada yake. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha Jumapili.

"Sisi ni watani, Eda. Mtani hashitakiwi."

Nikamwambia mtani akichukua kuku wako anamchukua unamwona, mbele ya watu, na kuku akiwa mkononi. Haagi kwamba anakwenda kumuuguza mjomba. Nikakata simu.

Kinachonichoma si picha. Namjua mwizi wa picha, nitamzoea. Ni lile neno toa. Nililipokea kama dawa chungu. Niliinamisha kichwa nikanywa, nikajilaumu kwa kukunja uso. Na huenda wakati ananinywesha alikuwa tayari anaangalia ratiba ya kosta.

Au labda aliliamini kweli, na tamaa ikaja baadaye. Sijui. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba sitajua. Nimerudia kila kitu alichowahi kuniambia toa. Yule mzee wa baiskeli. Mvua ya kwanza pale Mtumba. Watoto na tairi. Zote nilizifuta kwenye simu.

Jumatano, 2 Julai

Majibu yametoka. Yake imo, na itakaa katikati ya ukuta. Kolo haimo.

Nilikwenda dukani kwa Dada Salome nikamweleza yote mbele ya makabati ya dawa, nikimwonyesha picha yangu na siku niliyoipiga. Aliitazama kwa muda. Akavua miwani, akasema hii ni bora. Halafu akauliza Yona amevunja sheria gani. Nikafikiri. Hakuna. Sheria zetu zinasema namna ya kuikosoa picha, hazisemi kitu juu ya kuikosoa ili uichukue. Hatukuwahi kufikiri kwamba itahitajika.

Alisema atazungumza naye. Alisema pia nisivunje kikundi kwa hasira. Nilimchukia robo saa nzima, nikiwa njiani. Kisha nikakumbuka amefungwa mikono, majibu yameshatoka na waamuzi si wetu.

Kwenye grupu Yona anapongezwa. Mikono ya kupiga makofi imejaa skrini. Binti wa chuo ameandika kwamba uso wa yule mama umemliza. Mimi nimeandika hongera. Nimeifuta. Nimeiandika tena nikaituma, kwa sababu nisingetuma ningeonekana mwenye wivu. Ni kweli nina wivu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, ofisi imefungwa. Nimekwenda Kibaigwa.

Nilikuwa nimesafisha picha tangu wiki ile ya kwanza, saizi kubwa, nikaipachika kwenye kadibodi ngumu isikunjike. Ahadi ni ahadi. Nusu yangu ilitaka kumkuta Mama Nyemo na kumuuliza kwa nini alimkubalia mtu mwingine kile alichoninyima mimi. Aliniambia hasimamishwi na mtu, nikajiuzia maneno hayo njia nzima.

Nilimkuta anafagia chini ya fuso. Akaniona kwanza yeye. Akaja mbio na ufagio mkononi, akanishika mikono yote miwili, akauliza nimepona.

Nikamuuliza kupona nini.

Akasimulia kwa utulivu, kama habari ambayo ninaijua. Mwenzangu yule mwalimu alikuja Jumamosi iliyofuata. Alimwamkia kwa Kigogo safi, cha nyumbani. Akamwambia mimi ndiye niliyemtuma, kwamba naumwa siwezi kusafiri, na ile picha yangu imeharibika. Akamwomba ageuke, asimame, atazame huku, ili picha ya dada isipotee.

"Mimi sisimami kwa mtu," Mama Nyemo alisema. "Nilisimama kwa ajili yako. Nikawa nachungulia nyuma yake, labda upo kwenye gari."

Nilikaa chini palepale, kwenye magunia matupu. Nikasema nimepona, mama, ninaendelea vizuri. Sikuona faida ya kumpa na yeye mzigo huu. Aliitenda hisani akijua ni hisani, ibaki hivyo.

Kisha nikatoa picha. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akafuta mikono kwenye kanga akaishika tena. Nilitaka kumwomba radhi kwa kuwa haina uso. Akawaita wenzake watatu waliokuwa wanapepeta upande wa pili, akaongea nao Kigogo, haraka, akipiga pale mgongoni kwa kidole. Mmoja wao akashika mdomo. Nikauliza wanasema nini.

Wanasema ni marehemu mama yake Mama Nyemo. Alikufa mwaka wa njaa, hakuwahi kupigwa picha maishani. Mgongo ni huo huo.

Akaifunga ndani ya kanga yake ya pili, akaiweka juu kabisa ya gunia lake, mahali ambapo mahindi hayafiki. Nilikunywa chai nao. Kamera haikutoka kwenye mkoba.

Kwenye kosta ya kurudi nilimwandikia Yona mstari mmoja. Nikasema Mama Nyemo anasalimia, na yale macho kwenye picha yako yalikuwa yananitafuta mimi.

Alisoma hapo hapo. Jibu lake likaja kosta ikiwa imekwisha kupita Chamwino, neno moja.

Nimesikia.

Jumamosi, 12 Julai

Leo wanafungua ukuta. Dada Salome alipita na gari, akapiga honi, akangoja kidogo, akaondoka. Sikukasirika naye. Nitakwenda siku nyingine, siku isiyo na watu. Mzee Mkude ameniandikia kwamba ameiona yenye macho na ameiona na yenye mgongo, Dada Salome kamwonyesha, na kwamba yeye ni dereva tu lakini anajua gari lipi lilitangulia.

Nimefagia. Nimepika ugali wa mtu mmoja, umebaki.

Mchana upepo ulikuwa mkali, shuka la jirani likajaa kwenye kamba mpaka likawa na tumbo. Nikatoka na kamera nikiwa na kandambili. Nimepiga chache. Moja ina kitu. Shuka jeupe, kivuli cha mpapai kimelala juu yake, na pembeni ndoo ya bluu iliyovunjika mpini.

Nilikaa nayo mezani. Nimeitazama muda, ikanisumbua, sikujua kwa nini. Kisha nikamsikia wazi kabisa, kama yuko kiti cha pili na mdomo una ugali. Kata kushoto, dada.

Nilikataa. Nikajaribu kukata kulia. Nikajaribu kukata juu. Nikaiacha, nikaosha vyombo, nikarudi.

Nimekata kushoto. Ndoo imetoka. Imekuwa nzuri zaidi.

Sina wa kumtumia.